Laptopu ya mwaka 2004 na diski inayogonga: nianze na nini?

"Salaam, mtaalamu. Mama alipostaafu alinipa kompyuta mpakato yake ya zamani, IBM ThinkPad T42 ya mwaka 2004. Ina Windows XP, RAM ya MB 512 na diski ya GB 40. Kibodi yake naipenda kuliko ya kompyuta nyingine yoyote niliyowahi kutumia, na ningependa niifanye mashine yangu ya kuandikia. Shida ni kwamba inachelewa mno kuwaka, na siku hizi diski inatoa mlio wa ko-ko-ko, kisha kila kitu kinaganda kwa muda. Nimenunua SSD ya SATA ya GB 240 lakini haiingii, pini zake ni tofauti kabisa. Rafiki mmoja ananiambia mashine hizi hazikubali diski inayozidi GB 128. Mwingine anasema SSD itakufa mapema kwa sababu XP haina TRIM. Nia yangu ni kuhamishia kila kitu kwenye SSD kama kilivyo, halafu nipige Windows 10 ya biti 32 ili niwe salama mtandaoni. Inawezekana? Nianze na nini? Picha na maandishi ya mama yamo humohumo na sina nakala nyingine."

Ndugu yangu, umeuliza mengi kwa mpigo na yote nitayafikia, ila nitaanza na sentensi yako ya mwisho, kwa kuwa ndiyo inayopanga foleni ya mengine yote. Diski yenye umri wa zaidi ya miaka ishirini, tena inayogonga, ndiyo pekee iliyobeba maandishi na picha za mama. Basi izime mashine leo. Usiiwashe kuona kama mlio umepungua, usiendeshe programu ya kusaka virusi, usijaribu kuipanga upya diski ili iwe nyepesi. SSD (diski isiyo na sehemu zinazozunguka) na mfumo mpya vinaweza kungoja hata mwezi mzima bila hasara yoyote. Hayo mafaili hayawezi.

Huo mlio una maana. Ndani ya diski ya aina hiyo kuna sahani zinazozunguka maelfu ya mara kwa dakika, na mkono mwembamba wenye vichwa vya kusomea vinavyoelea juu ya sahani bila kuzigusa. Vichwa vikishindwa kuiona njia vinayoitafuta, mkono hurudishwa mwanzo, hujipima, hujaribu tena. Ko-ko-ko unayoisikia ni mkono ukienda na kurudi. Wakati huo Windows inangoja jibu, na ndiyo maana kila kitu kinaganda. Huenda ni sekta chache tu, yaani vipande vidogo vya diski, zilizochakaa, huenda ni vichwa vyenyewe vinaelekea kufa, na hakuna sikio la fundi linaloweza kutofautisha hayo mawili kwa uhakika. Kwa hiyo ichukulie kwamba ni lile baya zaidi, na kila dakika ya kuizungusha itumike kwa kunakili tu.

Kuitoa kwenye T42 ni kazi nyepesi. Chomoa chaja, toa betri, geuza mashine, fungua ile skrubu moja inayoshikilia diski upande wa chini, kisha ivute diski nje kupitia ubavuni pamoja na kifuniko chake. Tafuta adapta ya USB inayopokea diski za IDE (aina ya plagi ya T42) za pini 44, uichomeke kwenye kompyuta nyingine iliyo nzima. Ningependa kompyuta hiyo iwe imewashwa kwa Linux, mfumo endeshi mwingine badala ya Windows, hata kama ni kutoka kwenye flashi tu bila kusakinisha chochote. Windows ikiona diski yenye hitilafu hupenda kupendekeza kuikagua, kuirekebisha au kuifomati. Ukikutana na pendekezo lolote la namna hiyo, kataa. Kurekebisha maana yake ni kuandika juu ya diski, na diski mgonjwa haiandikwi.

Programu ya kunakilia ninayoiamini ni GNU ddrescue. Ubora wake ni kwamba haing'ang'anii pabaya. Kwanza inapita ikichukua kila kinachosomeka kwa urahisi, na ikikutana na eneo lenye shida inaliruka na kuendelea mbele. Yakishapatikana mazuri yote ndipo inaporudi kwenye mabaya, kidogo kidogo. Kila hatua inaandikwa kwenye faili la ramani, hivyo unaweza kusitisha, ukaiacha diski ipoe, ukaendelea kesho kutoka palepale ulipoishia. Sharti ulitaje faili hilo la ramani tangu mwanzo. Wengi husahau, umeme ukikatika wanaanza upya kuitesa diski. Andaa nafasi inayozidi GB 40 mahali pa kuhifadhi. Kama diski ingali na nguvu na inasoma MB 25 kwa sekunde, kazi nzima ni kama nusu saa. Kama imechoka, yaweza kuchukua siku. Iache ichukue.

Ukipata picha nzima ya diski, yaani faili moja lenye nakala kamili yake, usishangilie bado. Ifungue kwa kusoma tu, nakili mafaili ya mama mahali pawili tofauti, kisha uyafungue. Usihesabu majina tu: fungua picha zenyewe, fungua maandishi, shuka mpaka mwisho wa kurasa. Faili linaweza kuwa na jina na ukubwa sahihi huku ndani lina matundu. Hapo tu ndipo laptopu inarudi kuwa jambo la kufurahia.

Sasa kuhusu SSD uliyoinunua. Si kwamba umedanganywa, umekutana tu na kizazi kingine. T42 inatumia IDE, ambayo pia huitwa PATA: safu mbili za pini, jumla 44, zinazobeba data na umeme pamoja. SATA ilikuja kuchukua nafasi hiyo, na plagi zake ni bapa, za umbo jingine kabisa. Zipo adapta za kuunganisha hizo mbili, lakini SSD yako ya inchi 2.5 inajaza chumba chote cha diski, wala hakibaki kipenyo cha kupachika adapta. Usilazimishe, na usikate plastiki. Irudishe, au itumie kwenye kompyuta nyingine; kwa kweli inaweza kuwa ndiyo mahali pazuri pa kuweka nakala ya mafaili ya mama.

Unachohitaji ni mojawapo ya vitu vitatu. Cha kwanza ni SSD iliyotengenezwa kwa IDE ya pini 44 tangu kiwandani. Hizo bado zinauzwa, ila kasi na ubora wake hutofautiana sana, na nyingine ni chipu duni zilizofungwa kwenye kasha zuri. Cha pili ni adapta yenye umbo la diski ya inchi 2.5, ambayo ndani yake unapachika SSD ndogo ya mSATA. Cha tatu ni adapta ya kadi ya CompactFlash, njia nzuri kwa mashine za zamani zaidi ya yako, lakini kadi nyingi za aina hiyo huzorota zinapoandikwa vitu vidogo vidogo kila wakati, na mifumo ya leo ndivyo inavyofanya. Mimi ningechagua ya pili bila kusita. Unapata SSD ya kawaida yenye kidhibiti kizuri, na adapta ikiharibika unaibadilisha peke yake. Hakikisha tu adapta ni ya mSATA na si ya M.2. Ukishapachika, pini zake zilingane na soketi ya mashine moja kwa moja. Kusogea kwa safu moja kunaweza kupeleka umeme pasipotakiwa.

Rafiki yako wa GB 128 hakusema uongo, ila amebeba kanuni bila sababu yake. Zamani anwani ya sekta kwenye diski za IDE iliandikwa kwa biti 28. Biti 28 zinatoa anwani 268,435,456, na kila sekta ni baiti 512, hivyo jumla ni baiti bilioni 137 na ushei. Huo ndio mpaka: GB 137 kwa hesabu ya wauzaji wa diski, 128 kwa hesabu ya kompyuta. Baadaye anwani zikaongezwa hadi biti 48 na mpaka ukaondoka, ila ilibidi chipu, BIOS (programu ya msingi inayoiwasha mashine) na mfumo endeshi vyote vikubali. Windows XP ya mwanzo haikukubali. Uwezo huo ulikuja na Service Pack 1 mwaka 2002. Hatari yake ilikuwa mbaya: mfumo usiojua mpaka huo, ukiandika kupita mwisho wa anwani, huzunguka na kuandika mwanzoni mwa diski, juu ya vitu vyako. T42 ni ya upande wa pili wa mpaka huo, chipu zake zinazifahamu biti 48. Hata hivyo kwa kazi uliyoitaja SSD ya GB 64 inakutosha na kubaki, na ukipata ya GB 128 bado uko chini ya mstari. Nunua mojawapo ya hizo na mjadala wote unakuwa hauna kazi.

Na huyu wa TRIM? Hapa pana ukweli uliotiwa chumvi. Chipu za SSD huandikwa kwa kurasa ndogo lakini hufutwa kwa matofali makubwa, kama ubao wa darasani ambao unaweza kuongeza mstari mmoja mmoja lakini ukitaka kufuta lazima ufute upande mzima. Ukifuta faili, mfumo unaandika tu kwenye orodha yake kwamba nafasi iko wazi. SSD haijui, inaendelea kuyatunza na kuyahamisha mafaili ambayo wewe umeshayasahau. TRIM ni taarifa ya kuiambia kwamba hapa hapana mwenyewe tena. Bila taarifa hiyo SSD inafanya kazi ya ziada, inapungua kasi na kuchakaa haraka kidogo. Ila "haraka kidogo" kwa mtu anayeandika maandishi ni mbali sana na kufa mapema. Na dawa yake ni nyepesi: SSD ikiwa mpya, usigawe nafasi yote. Acha kama asilimia 15 au 20 bila patisheni yoyote, na usiiguse kamwe. Kidhibiti kitaitumia nafasi hiyo safi kufanyia usafi wake kimyakimya. Nakushauri ufanye hivyo hata ukiweka Linux, ambayo inaijua TRIM, kwa sababu kile kipande cha adapta kinachotafsiri kati ya IDE na SATA si lazima kiipitishe taarifa hiyo.

Kinachonisumbua zaidi kuhusu XP kwenye SSD ni kingine, ambacho hakuna aliyekutajia. XP huanzisha patisheni ya kwanza kwenye sekta ya 63. Zidisha kwa 512 unapata 32,256, namba isiyogawanyika kwa 4,096. SSD inapenda vipande vya 4,096 vikae sawasawa juu ya kurasa zake. Vikianzia kombo, kila kipande kinaangukia kurasa mbili, na uandishi mmoja unageuka kuwa miwili. Ukihamisha diski ya mama kama ilivyo, unahamisha na ukombo huo. Programu za kugawa diski za leo huanzia sekta ya 2,048, yaani MB 1 kamili, na tatizo halipo.

Hiyo ni sababu mojawapo ya kukuambia usihamishe. Sababu kubwa ni kwamba unachokitaka wewe si XP ya mama bali maandishi ya mama, na hayo tayari utakuwa umeyaokoa. Kuhamisha mfumo wa miaka ishirini kutoka kwenye diski yenye sekta mbovu ni kuhamisha pia mafaili ya mfumo yaliyoharibika, draiva za vitu visivyokuwepo, na programu zisizojulikana zilizokusanyika humo. Anza upya kwenye SSD. Diski ya zamani itie kwenye mfuko wa kuzuia umeme tuli, iandike jina, iweke pakavu. Usiifomati hata ukijua umeshapata kila kitu. IBM walificha sehemu ya diski hizo nyuma ya uzio ambao mfumo hauuoni, wakaweka humo programu za kurejesha mashine ilivyotoka kiwandani, na nakala ya kawaida inaweza isilichukue eneo hilo. Siku ukitaka kuirudisha T42 ilivyokuwa mwaka 2004, diski yenyewe ndiyo itakayokusaidia.

Kama kuna programu ya XP ambayo huwezi kuiacha, kamusi ya kwenye CD kwa mfano, iendeshe ndani ya mashine pepe, yaani kompyuta inayoigizwa na programu, kwenye kompyuta yako ya kisasa. XP kwenye intaneti sikushauri kwa hali yoyote. Microsoft iliacha kuipa masasisho ya usalama tarehe 8 Aprili 2014.

Windows 10, nasikitika, haitaingia. Si suala la ukubwa wa RAM wala ujanja wa fundi. Kuanzia Windows 8, Microsoft wanataka prosesa iwe na kinga iitwayo NX, inayozuia maeneo ya kumbukumbu yaliyowekewa data yasiendeshwe kama programu. Pentium M zilizofungwa kwenye T42 hazina NX. Kisakinishi kitakagua, kitakataa, na hakuna mpangilio wa BIOS wa kuleta kitu ambacho hakimo ndani ya chipu. Na hata ingeingia, usalama ulioutafuta usingekuwepo: msaada wa kawaida wa Windows 10 uliisha tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 7 ya biti 32 inaweza kuingia, lakini nayo ilifungiwa mlango Januari 2020. Windows 11 inataka prosesa ya biti 64, kwa hiyo tusiizungumzie.

Inabaki Linux, na hapa nataka nikueleze hali ilivyo bila kuipamba. Linux ya biti 32 ipo, inafanya kazi vizuri kwenye mashine yako, lakini mlango unafungwa taratibu. Debian 13, iliyotoka Agosti 2025, haina tena kisakinishi wala kiini cha mfumo (kernel) cha kuwashia mashine za biti 32 kama yako. Iliyo ya mwisho kufanya hivyo ni Debian 12, ya mwaka 2023, na msaada wake wa muda mrefu umepangwa kufika Juni 2028. Mozilla nao wameacha kutengeneza Firefox ya Linux ya biti 32 baada ya toleo la 144. Toleo lao la muda mrefu, 140, limepangiwa masasisho mpaka Septemba 2026. Kwa hiyo kama mashine ya kuandikia, T42 ina miaka mingi mbele. Kama mashine ya mtandao, muda wake unahesabika, na hata leo prosesa yake ya kiini kimoja inahangaika na kurasa nzito. Mambo ya benki na akaunti zako muhimu yafanyie kwingine.

Katika Linux zenyewe ningekupa mbili tu za kuchagua. antiX 23 imejengwa juu ya Debian 12, ina toleo la biti 32, na imekusudiwa hasa mashine zenye kumbukumbu ndogo. Ukiisakinisha inakuja na karibu kila kitu tayari. Debian 12 yenyewe inataka uchague mwenyewe mazingira mepesi kama LXQt au IceWM, ila ukishaipanga inatulia sana. Kuna kikwazo kimoja cha kujua: Pentium M nyingi za kipindi hicho zina uwezo uitwao PAE, wa kuifikia RAM inayozidi GB 4, lakini hazijitangazi kuwa nao, na Linux fulani hukataa kuwaka zikidhani haupo. Debian 12 ina kiini cha aina mbili, chenye PAE na kisicho nayo, hivyo chagua kile kisicho nayo, kinachoitwa 686 bila nyongeza. Ukikutana na Linux nyingine inayolalamikia PAE, kuongeza neno forcepae kwenye mstari wa kuwashia kwa kawaida huimaliza kesi.

Kabla hujasakinisha, ongeza RAM. Hili hukuuliza lakini lina uzito sawa na SSD, pengine zaidi. MB 512 leo hazitoshi hata kivinjari kufungua ukurasa mmoja wa habari bila kuanza kutumia diski kama kumbukumbu. T42 inakubali hadi GB 2, vipande viwili vya GB 1 kila kimoja, aina ya DDR PC2700 ya pini 200. DDR2 ni ya kizazi kingine, haifanyi kazi humo, kwa hiyo muuzaji akikuambia "zote ni RAM za laptopu" soma kibandiko mwenyewe.

Ukishakuwa na vyote viwili, utegemee nini? Chukua diski inayozunguka mara 4,200 kwa dakika. Mzunguko mmoja ni kama milisekunde 14, hivyo kwa wastani inangoja nusu yake, milisekunde 7, sekta ifike chini ya kichwa. Ongeza milisekunde kama 12 za mkono kusogea. Kila ombi linakula karibu milisekunde 20, maana yake maombi 50 tu kwa sekunde. Mfumo unapowaka unaomba maelfu ya vipande vidogo vilivyotawanyika, na hapo ndipo dakika zako zilipokuwa zinapotelea. SSD inajibu ombi kwa sehemu ndogo ya milisekunde moja. Njia ya IDE ya T42 ina kikomo cha MB 100 kwa sekunde, ambacho SSD yoyote inakifikia kirahisi, lakini usikisikitikie. Faida yako haiko kwenye kasi ya mtiririko, iko kwenye kuondoa kungoja. Mashine itawaka upesi, programu ya kuandikia itafunguka bila kukuchosha, na kutakuwa kimya. Video na kurasa zenye matangazo mengi hazitabadilika sana, kwa kuwa hizo zinaingoja prosesa.

Kuhusu usakinishaji, BIOS za kipindi hicho zina matatizo na flashi. T42 nyingine huwaka kutoka USB bila shida, nyingine hukataa. Kama kiendesha CD kingali kizima, choma kisakinishi kidogo cha Debian kwenye CD na utumie waya wa mtandao badala ya Wi-Fi. Kikikataa hicho, tia SSD kwenye ile adapta ya USB uliyonunua, isakinishie mfumo ukiwa kwenye kompyuta nyingine kwa kutumia kisakinishi cha biti 32, kisha uirudishe ndani ya T42. Kuwa mwangalifu hapo: kisakinishi kitaonyesha diski zote mbili, na ukichagua isiyo yake utafuta kompyuta ya pili. Kama unaweza, tenganisha diski ya kompyuta hiyo kwanza. Mgao wa SSD uwe wa mtindo wa MBR, ule wa zamani wa kugawa diski, kwa kuwa BIOS hii ni ya kabla ya UEFI, iliyochukua nafasi ya BIOS kwenye kompyuta za sasa.

Ukikuta saa inarudi nyuma kila unapozima, betri ndogo ya CR2032 iliyo ndani imekwisha. Ibadilishe mapema, kwa sababu tarehe ikiwa si sahihi tovuti nyingi zitakataa kufunguka kwa madai kwamba vyeti vyao havijaanza au vimepita, na utadhani ni Linux imeharibika. Betri ya T42 ina waya na plagi yake, kwa hiyo tafuta yenye waya. Kadi ya Wi-Fi usiibadilishe kabla ya kuuliza: BIOS ya ThinkPad hizo ina orodha ya kadi inazozikubali, na ukiweka isiyokuwemo inagoma kuwaka.

Mengi ya haya unaweza kuyafanya mwenyewe mezani kwa bisibisi nzuri na subira. Kuna sehemu chache ambapo ningependa umwone fundi ana kwa ana. Diski isipotambulika kabisa kwenye adapta, au ikigonga mfululizo tangu inapopata umeme, acha papo hapo. Hiyo ni kazi ya wanaookoa data wenye chumba kisicho na vumbi, na kila jaribio la nyumbani linapunguza nafasi yao. Usikubali mtu yeyote aifungue diski mpaka sahani zionekane nje ya chumba cha namna hiyo. Kama mama aliweka nywila ya diski, kumbuka inafungwa ndani ya diski yenyewe na itaisumbua adapta pia, kwa hiyo muulize mama kwanza. Nywila ya msimamizi wa BIOS nayo haiondoki kwa kuchomoa betri ya saa. Na betri kubwa ikiwa imevimba au kifuniko chake kimeinuka, usiibonyeze wala kuitoboa. Ipeleke kwa anayejua kuipokea, na mashine uiendeshe kwa chaja tu.

Ukiamua kumpelekea fundi kazi yote, mwambie maneno haya kabla hajaishika: diski ya zamani hainakiliwi kwa njia ya kawaida, haikaguliwi kwa chkdsk (programu ya Windows ya kukagua diski), haifomatiwi, na unataka kurudishiwa mkononi siku hiyohiyo ya kuchukua mashine. Akisema kufomati ndiyo dawa ya mlio, chukua laptopu yako utafute mwingine.